Somo la Tisa: Kualika

Darasa letu ni stoo ya mama Aikande, Majengo,
nyuma ya mashine ya kusaga.
Unga umeingia hata kwenye nyufa za ubao;
nikifuta neno, linabaki jeupe juu ya jeupe.
Saa kumi na mbili jioni, mashine ikishazimwa,
wanafunzi wangu wanaingia na vigoda vyao.

Kitabu kinasema: Tomu anamwalika Suzi sinema.
"Sinema ipi, mwalimu?" anauliza Kirenga,
fundi baiskeli, mikono ameiweka mbali na daftari
grisi isije ikajifunza kabla yake.
Nafuta sinema. Naandika mpira. Naandika mtori.
Naandika kahawa, karibu na mnara wa saa.

Tunaanza. A yu fri on Satade?
Namsifu anainua kidole. "Fri si ni bure, mwalimu?
Nimwulize mtu mzima kama yeye ni bure Jumamosi?"
Wanacheka hadi unga unashuka kutoka kwenye kenchi.
Nasema, bure ni ya sabuni ya promosheni.
Hapa ni nafasi. Ni kuwa huru.
"Huru na bure, neno moja?" anasema mzee Eliamini,
mlinzi wa usiku kwa miaka thelathini na mmoja,
anaandika polepole, anatikisa kichwa
kama mtu aliyeona kosa kwenye risiti
akaamua kulinyamazia.

Sijui kulifundisha vizuri somo hili.
Kwetu mtu haulizwi kama angependa.
Anaambiwa karibu, na kiti kimeshapanguswa.
Anaambiwa twende, na mkono umeshashikwa.
Tena anayealika ndiye anayelipa,
kwa hiyo wapo waliopitisha miaka hawajaalika mtu,
wala tatizo halikuwa sarufi.

Na kukataa? Hatukatai.
Tunasema tutaona, tunasema Mungu akipenda,
tunasema nitakuja, na chai inapoa kwa aliyeipika.
Kiingereza kinataka upende kwanza, ndipo ukatae.
Ai wudi lavu tu,
halafu, bati.
"Bati," darasa linaitikia,
na wote, bila kuambiwa, wanatazama juu.
Stoo haina dari.

Haya, wawili wawili, nikasema.
Ndelilio, mpagazi wa mizigo ya wageni mlimani,
alikuwa ameshuka jana yake, midomo bado imebabuka kwa baridi.
Nikampa Nakiete, mshonaji, anayekuja na futi shingoni.
Kitabuni Tomu ana sentensi nne.
Ndelilio akafunga kitabu.
Akatoa yake, imepinda, vitenzi vimeachwa njiani:
Yu, mi, Satade, ti. Plizi.

Kwa Kiswahili asingethubutu. Kiswahili kina masikio,
kina mashangazi, kina mtaa mzima.
Kiingereza chake kilikuwa bado hakijuani na mtu hapa Moshi.

Sikumsahihisha. Chaki ilikuwa mkononi.

Nakiete akashusha macho kwenye daftari, akayapandisha.
Akalisoma jibu langu la ubaoni, neno kwa neno,
vizuri kuliko nilivyolisoma mimi:
Ai wudi lavu tu, bati

na hapo masika yakapiga bati.
Hayakuwa matone. Ilikuwa kama lori la kokoto
limetumwagia mzigo wote.
Midomo yake iliendelea. Niliiona ikifunguka,
ikifumba, ikitabasamu, au ikitamka tu irabu i.
Ndelilio aliinama, kiganja nyuma ya sikio.
Sisi wengine tukabaki tunatazama
kama watu walio nje ya kioo cha benki.

Mvua ilipokatika, wawili hao walikuwa wameshaketi,
kila mmoja anaandika tarehe.
Mzee Eliamini akauliza:
"Mwalimu, baada ya bati huwa kunakuja nini?"
Nikasema, sababu.
"Sababu ni lazima?"

Nikafungua kitabu nitafute, nikapeperusha ukurasa.
Somo la Kumi: Kuuliza Bei.